Apiyo Alingoja Aulizwe

Asubuhi ya siku ya mwisho mjini Hamburg, Jentrix Apiyo aliamka kabla ya mwenyeji wake, akatandika kitanda kikanyooka kama hakijalaliwa, akapiga magoti juu ya zulia na kumwomba Mungu jambo moja. Hakuombea ndege ya kesho wala watoto aliowaacha Kaloleni. Hao alikuwa amewaombea jana na juzi. Aliomba leo mtu amuulize.

Alipoinuka alitoa leso chini ya mto. Pembe moja ilikuwa imefungwa fundo, na ndani ya fundo mlikuwa na konzi ya udongo wa nyumbani kwao Seme, upande wa Kombewa. Mama yake mzazi, bibi Akello, aliuchota kwa mkono wake mbele ya mlango, Apiyo alipokwenda kumuaga.

"Huu mpelekee ndugu yako," bibi alimwambia. "Umwage pale alipolala, umwite jina lake, umwambie umekuja kumchukua. Halafu uchote wa pale, uniletee. Nataka nimzike hapa kwake, macho yangu yakiwa bado yanaona kidogo."

Ndugu mwenyewe alikuwa Dalmas Odongo, pacha wake. Kwa Wajaluo pacha wa kike anayetangulia kuzaliwa huitwa Apiyo, na wa kiume anayemfuata huitwa Odongo, na hawa wawili waliishi sawasawa na majina yao. Apiyo alikuwa mtu wa mbio. Wakienda shule yeye yuko mbele, kisha anasimama kwenye kijito, anageuka, anapiga kelele: "Odongo, nikungoje mpaka lini?" Naye Odongo anakuja polepole, vitabu kichwani, anaiga kwa mdomo sauti ya nyatiti, kinanda cha nyuzi cha Kijaluo, kana kwamba barabara ni yake na siku pia ni yake.

Apiyo aliishia darasa la saba. Akaenda Kisumu kujifunza cherehani, akaolewa na mfanyakazi wa baraza la mji, akakaa naye katika zile nyumba za zamani za Kaloleni, akazaa, akafiwa na mume, akaendelea kushona. Nguo za kwaya, nguo za akina mama wa kanisa, mashati ya shule, yote yalipita chini ya sindano yake pale kibarazani. Dalmas yeye alishika nyatiti kweli. Akaitwa katika kikundi kilichopelekwa Ujerumani kucheza. Kikundi kikarudi, yeye akabaki. Mwanzoni alipiga simu kila Krismasi. Baadaye akapiga mara chache, akiongea haraka kama mtu anayefukuzwa. Halafu siku moja rafiki yake, Byron, akapiga simu badala yake. Akasema Dalmas ameugua mapafu, amekufa, na tayari amezikwa.

"Amezikwa vizuri, dada," Byron alisema. "Kwenye makaburi makubwa ya mji."

Basi. Namba hiyo haikushika tena.

Mtu ambaye hakuzikwa dala, yaani nyumbani kwao, kwa watu wa Seme huyo hajafika bado. Wazee walimshauri bibi Akello azike lile tunda refu la mti wa yago badala ya mwili, kama wanavyofanyiwa waliopotelea ziwani. Bibi akakataa. "Sitazika tunda na mtoto wangu ana udongo mahali," alisema. Tangu hapo hakuufunga tena mlango wake wa mbele kwa komeo.

Kwa hiyo kanisa lilipomchagua Apiyo awe mmoja wa wageni watakaotembelea kanisa rafiki huko Hamburg, bibi aliona mkono wa Mungu waziwazi. Apiyo naye aliuona. Lakini alifanya kosa moja, na ni kosa ambalo mtu wa kwao tu ndiye angelifanya.

Nyumbani, mgeni hafiki mlangoni na shida yake mdomoni. Hiyo ni tabia ya mtu asiyelelewa. Mgeni hukaa, hunywa maji, hula, huulizwa habari za ng'ombe na za mvua. Akishiba, mwenyeji hunyamaza kidogo, kisha husema: "Haya, tuambie sasa. Neno gani limekuleta?" Hapo ndipo mgeni hufungua moyo. Apiyo alikaa, akanywa, akala. Akangoja mwenyeji anyamaze na kuuliza. Aliulizwa kama amelala vizuri. Aliulizwa kama anataka chai au kahawa, kama anasikia baridi, kama sweta linamtosha. Neno lililomleta hakuulizwa, na siku zikaisha kama sabuni.

"Umeamka, Mama Apiyo?" Mwenyeji wake aligonga mlango. "Yai liko tayari."

Mama Heike alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, mrefu, mwembamba, aliyekuwa muuguzi kusini mwa Tanzania zamani za ujana wake. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha wageni wake wote, na kilikuwa na adabu nyingi mpaka kikawachosha. Mgeni mwingine aliyelala nyumbani humo, Nakhumicha, mwanamke wa Kibukusu mwenye kibanda cha mboga Nyalenda, alikuwa ameshazoea kumchokoza.

"Mimi hiyo shikamoo yenu ya Tanzania inaniumiza mgongo," alisema Nakhumicha akivunja yai. "Si mtu aseme tu habari ya asubuhi, tule?"

"Mkubwa huamkiwa," alijibu Mama Heike akicheka.

"Haya basi, shikamoo. Lakini yai moja, mama! Kwetu hata kuku angeona aibu."

Apiyo alicheka pamoja nao kwa sababu ni vibaya kula mezani kwa mtu na uso umekunjwa. Leso ilikuwa ndani ya begi lake, juu ya magoti.

Mchungaji Calvince, kiongozi wa safari, aliwangoja kwenye kituo cha treni na koti la kuazima lililomfika magotini. Alikuwa mtu mwema ila mwenye hofu ya kuaibishwa. Kabla hawajaondoka Kisumu aliwaambia hao wanawake wawili wasikilize: wanakwenda kwa ajili ya kanisa, mtu asibebe shughuli zake binafsi, na zaidi ya yote mtu asipeleke mila mbele ya Wazungu waliowaletea Injili. Maneno hayo Apiyo aliyabeba pamoja na leso, na hakujua kipi kilikuwa kizito zaidi.

"Leo ni kutembea tu," mchungaji alisema. "Mnara wa kanisa, bandari, ile njia ya chini ya mto, halafu wenyeji wametuandalia keki kando ya ziwa lao. Hakuna kupotea. Mama Nakhumicha, nakuangalia wewe."

"Niangalie tu, Mchungaji. Sura ni ya bure."

Walipanda mnara kwa lifti. Juu kulikuwa na upepo mkali wa mwezi wa kumi, na mji wote ulikuwa chini yao: mapaa mekundu, mto mpana wa rangi ya chai ya maziwa, winchi za bandari zimesimama kama korongo kwenye matope. Mama Heike aliwaonyesha hiki na kile. Apiyo alisogea karibu naye. Akaona labda akisaidia kidogo, swali litakuja lenyewe.

"Mama Heike, makaburi ya mji yako upande gani?"

"Makaburi?" Mama Heike alinyoosha mkono. "Kule kaskazini. Unaona miti mingi ile, mpaka mbali? Ni makubwa sana. Watu huenda kutembea huko, pazuri mno."

"Ni mbali?"

"Kwa treni si mbali. Lakini leo hatuna nafasi." Akatabasamu. "Tazama, meli ile inaingia!"

Wote wakaangalia meli. Apiyo aliangalia miti. Akasema moyoni, Odongo, niko hapa, nakuona kwa mbali, na mdomo wangu umeshonwa. Meli ilipita polepole, kubwa kuliko jengo lolote la Kisumu, na watu wakapiga picha.

Bandarini walinunuliwa mkate wenye samaki ndani. Nakhumicha aliufungua, akaangalia, akaufunga.

"Apiyo. Huyu samaki hajapikwa."

"Amelala kwenye siki," alisema Mama Heike.

"Amelala tu, hajapikwa. Wewe Mjaluo, wewe ndiye mwenye samaki, kula kwanza nikuone. Ukianguka nitapeleka habari nyumbani."

Apiyo aliuma kipande, akakitafuna muda mrefu, kikakataa kushuka. Si kwa sababu ya siki. Nakhumicha alimtazama mara mbili, akaacha utani.

Kisha wakashuka chini ya mto. Ilikuwa njia ya zamani iliyochimbwa chini ya maji, na waliingia kwa lifti pana inayobeba hata gari. Ndani kulikuwa na baridi, taa za manjano, na kuta za vigae vyeupe. Kila baada ya hatua kadhaa kulikuwa na mapambo ya udongo wa kuchoma ukutani: kaa, samaki, na vitu vya majini ambavyo hakuvijua jina. Sauti za watu zilirudi kutoka mbele na nyuma. Mchungaji alitangulia akimweleza Mama Heike habari za paa la kanisa lao. Apiyo, mtu wa mbio, alijikuta amebaki nyuma ya wote. Nyuma yake kabisa mtu mmoja alikuwa akija taratibu, akipiga mluzi. Wimbo haukuwa wa kwao, lakini hatua zilikuwa zile zile, za mtu ambaye barabara ni yake. Akageuka. Alikuwa kijana wa Kijerumani na baiskeli. Akampita, akatikisa kichwa kumsalimu, akaenda.

Apiyo aliegemea ukuta. Machozi yakaja bila ruhusa.

Nakhumicha alirudi mbio. "Wewe! Ni nini? Ni haya maji juu yetu? Hata mimi naogopa, twende haraka tutoke."

"Si maji." Apiyo alifungua begi, akamwonyesha leso. Na hapo chini ya mto, kwa maneno machache, akamwambia yote: Odongo, mama, udongo, mlango usiofungwa.

Nakhumicha alishika kiuno. "Siku zote hizi tumelala nyumba moja, umenyamaza? Ulikuwa unangoja nini, Apiyo?"

"Niulizwe."

"Mungu wangu. Hawa watu hawaulizi! Mimi nimeumwa jino tangu Jumapili, nimeshika shavu hivi mezani, wananipitishia jamu. Mpaka nikasema mwenyewe, jamani, jino! Ndipo wakakimbia kuleta dawa." Akageuka, akaita kwa sauti iliyojaza njia yote: "Mama Heike! Mchungaji! Rudini hapa!"

Walirudi. Sasa Apiyo hakuwa na pa kujificha. Alisema tena, kwa Kiswahili cha taratibu, akiangalia viatu vyake. Mama Heike alimsikiliza mpaka mwisho, na wekundu ukampanda kutoka shingoni hadi usoni.

"Dada yangu," alisema. "Kwa nini hukuniambia siku ya kwanza?"

"Hukuniuliza."

"Kule nilikofanya kazi nilifundishwa mgeni haulizwi amefuata nini. Ukimuuliza ni kama unamwambia aondoke. Nilijikaza nisikuulize. Kila usiku nilikuwa nakusikia ukiomba, nikajikaza."

Walitazamana, wanawake wawili wenye adabu zao, na hakuna aliyecheka.

Mchungaji Calvince alitia mikono ndani ya lile koti. "Mama Apiyo," alisema mwishowe, "ni kwenda kuomba kaburini, au ni mambo ya dala?"

"Sijui kuyatenganisha, Mchungaji. Ningejua ningekuambia."

Mchungaji alimwangalia kaa wa ukutani muda mrefu, kama anayesubiri ushauri wake. "Keki nitaila mimi kwa niaba yenu," alisema. "Nitawaambia mmepatwa na jambo la familia. Nendeni. Na mrudi kabla ya giza."

Makaburi yale yalikuwa makubwa hata basi lilipita ndani yake, likisimama kwenye vituo kama mjini. Nakhumicha alitaka kusema neno kuhusu wafu kupanda basi, lakini alimwona Apiyo akiwa amekumbatia begi, akalimeza neno lake. Kulikuwa na mierebi, mabwawa, mawe yenye majina, maua yaliyopangwa kama kitambaa cha kutarizi. Apiyo alianza kupata nguvu. Mahali pazuri hivi, alijiambia, Byron hakusema uongo. Alikuwa anasoma majina kupitia dirishani, kama Odongo angeweza kumpungia mkono kutoka kwenye jiwe lolote.

Ofisini, mwanamume mwenye miwani alichukua jina na mwaka wa kifo, akatafuta kwenye kompyuta. Wakaongea na Mama Heike kwa Kijerumani. Aliongea kwa upole. Mama Heike aliuliza kitu, akajibiwa. Akauliza tena. Kisha akamshika Apiyo mkono, wakatoka nje hadi kwenye benchi.

"Yupo," alisema. "Yupo hapa, nitakupeleka. Lakini kwanza nikuambie, usikie kwangu. Hakuna jiwe. Mtu akifa na hakuna ndugu aliyejulikana, mji humzika. Humzika chini ya nyasi, pamoja na wengine, bila majina. Kuna uwanja wao."

"Bila msalaba?"

"Bila msalaba. Na kabla ya kuzikwa..." Mama Heike alitafuta neno, ingawa alilijua. "Mwili huchomwa moto, Mama Apiyo. Huzikwa majivu."

Nakhumicha alitoa sauti ndogo na kujifunika mdomo. Apiyo hakulia. Aliuliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitambaa: "Walimchoma kama takataka?"

Upepo uliangusha majani juu ya magoti yao.

"Mume wangu pia," alisema. "Yuko huku, upande wa pili wa bwawa, chini ya mti. Alitaka mwenyewe. Sisi huku wengi tunafanya hivyo. Kila Jumapili baada ya ibada nakuja kuongea naye. Hakuchomwa kama takataka."

Hapo ndipo Apiyo alipolia, na hakujua tena ni kwa ajili ya nani. Aliushika mkono mwembamba wa Mama Heike kwa mikono yake yote miwili. "Nisamehe. Kwetu moto hauendi kwa mtu. Mtu hurudi kwenye udongo akiwa mzima. Nisamehe, mama." Na kwa mara ya kwanza akasema bila kufundishwa: "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," alisema Mama Heike, naye akafuta macho.

Uwanja ulikuwa mpana, wa kijani, umezungukwa na ua wa miti mifupi iliyokatwa sawasawa. Ukingoni watu walikuwa wameweka maua machache na mishumaa ndani ya vikombe vyekundu. Zaidi ya hapo ni nyasi tu. Kibao kilikataza kuchimba. Apiyo alisimama ukingoni na fundo lake mkononi. Alikuwa amefika, na hakujua amefika wapi. Odongo angeweza kuwa chini ya miguu yake au kule mwisho kabisa. Mama yake alisema umwage pale alipolala. Pale wapi?

Akakumbuka mahubiri yote aliyoyasikia kuhusu kuita wafu. Akamwambia Mungu kimya kimya: Baba, wewe unajua simwiti pepo. Namwita ndugu yangu. Kama ni kosa, niandikie mimi, usimwandikie mama.

Akavua viatu, akavua na soksi, akakanyaga nyasi za baridi.

"Odongo!" aliita. Sauti ilitoka ndogo. Akajaribu tena, ile sauti ya kijitoni, ya njia ya shule. "Odongo! Nikungoje mpaka lini? Wadhi dala! Twende nyumbani!"

Mzee mmoja aliyekuwa akiwasha mshumaa upande wa pili aliinua kichwa, kisha akavua kofia. Apiyo alitembea uwanja wote, huku na huku, akidondosha udongo wa Seme kidogo kidogo kama anayepanda mtama, ili usimkose. Nakhumicha naye alikuwa amevua viatu. Alimfuata nyuma pasipo kusema neno, na kama mtu angemwambia siku hiyo asubuhi kwamba atanyamaza muda mrefu hivyo, angebisha.

Fundo likabaki tupu. Sasa ilibaki kazi ya kuchota, na kibao kilikuwa pale.

"Apiyo," Nakhumicha aliita kwa sauti ya chini. "Njoo uone. Hata huku wako hawa washenzi."

Karibu na ua, nyasi zilikuwa zimeinuliwa na kichuguu cha udongo mweusi, mpya, laini kama unga. Fuko. Yule yule anayemaliza viazi vitamu vya bibi Akello, na bibi akimtega kila mwaka na kumlaani. Alikuwa amechimba huko chini, usiku pengine, akaleta udongo juu bila kuomba ruhusa.

Apiyo alimtazama Mama Heike.

"Kibao kinakataza watu kuchimba," alisema Mama Heike. "Fuko hakikumtaja."

Apiyo alipiga magoti, akajaza leso kwa mikono miwili. Mikono ikanuka udongo, na udongo ukanuka kama udongo. Alifunga fundo mara mbili. Alijua hakuna awezaye kumwambia kama ndani ya konzi ile kuna chochote cha Odongo. Alipoinuka alitembea mbele kuelekea kituoni, kisha kwenye kona akasimama, akageuka, akangoja kidogo, kama zamani.

Hakuna mtu aliyemuuliza kitu kuhusu leso katika viwanja vyote vya ndege walivyopita, na safari hii alishukuru kutoulizwa, ingawa shukrani hiyo ilimkwaruza moyo. Ndani ya ndege Mchungaji Calvince aliinama kutoka kiti cha upande wa pili.

"Mkizika, mtataka niombe?"

"Ungekuja, Mchungaji?"

"Sijui. Kuombea udongo sijawahi kufundishwa." Akajikuna kidevu. "Acha nimwombe Mungu kwanza kuhusu hilo ombi. Na mama yako utamwambia? Ule moto?"

Apiyo aligeukia dirisha. Kuanzia hapo mpaka Kisumu hakufumba jicho. Angeweza kusema: nimefika, nimemwita, udongo huu hapa. Yote yangekuwa kweli. Mama asingejua, na angelala. Lakini mama ni mtu wa kuuliza, na Apiyo hakuwahi kumdanganya tangu utotoni, kwa sababu Odongo ndiye aliyekuwa fundi wa uongo na mmoja alitosha.

Alifika Seme mchana wa jua kali. Mlango wa mbele ulikuwa wazi kama kawaida. Bibi Akello alikuwa kitini, amevaa gauni la Jumapili ingawa ilikuwa Alhamisi. Aliona kivuli mlangoni.

"Ni Apiyo?"

"Ni mimi, mama."

"Uko peke yako?"

Apiyo aliweka leso juu ya magoti ya mama. Bibi aliigusa, akaliminya fundo, akaiacha pale pale. Adabu ni adabu. Akaagiza maji ya kunawa, na ugali ukaletwa na omena na mboga, na Apiyo akala kila alichowekewa. Bibi aliuliza habari za ndege. Aliuliza kama huko kuna mvua, na kama watu wa huko wana ng'ombe. Apiyo akanawa mikono tena. Sahani zikaondolewa.

Bibi Akello akanyamaza kidogo.

"Haya, nyathina," alisema, maana hivyo ndivyo alivyomwita, mwanangu. "Tuambie sasa. Neno gani limekuleta?"

Swali alilolingoja katika nchi nzima ya watu wengine lilikuwa limefika, na sasa Apiyo angetoa chochote lisifike. Akamwangalia mama yake, yale macho yenye ukungu yaliyoelekea mahali ambapo si pake hasa, pembeni kidogo. Akasema. Alisema hakuna jiwe wala msalaba. Alisema uwanja wa nyasi, na jinsi alivyotembea wote akimwita. Alisema fuko, na bibi akatikisa kichwa kidogo. Kisha akasema moto. Hakuulainisha wala hakuuongeza.

Nje kuku walikuwa wakiparua.

"Aliusikia moto?" bibi aliuliza.

"La, mama. Alikuwa ameshalala."

"Nani alikuwepo wakimzika?"

"Sijui. Hakuna anayejua. Lakini mahali pale panatunzwa. Mzee mmoja alimvulia kofia."

Bibi aliinua leso mpaka puani, akavuta harufu, akakaa nayo hapo. Apiyo alingoja kilio, alingoja lawama, alingoja aambiwe arudishe udongo huu wa kuokota ulikotoka. Hakuna kilichokuja. Na baadaye, miaka yote iliyofuata, bibi hakuuliza tena habari za moto, na Apiyo hakujua kama ni kusamehe au ni kushindwa.

"Huko nje wameanza kuchimba?" bibi aliuliza.

"Vijana wameanza, mama. Ulisema azikwe leo."

"Waambie waache. Mtu hafiki kutoka safari ndefu hivyo akapelekwa kaburini siku hiyo hiyo. Alale ndani kwanza, kama watu wote." Akainyoosha leso kwa Apiyo, mikono miwili chini yake, kama anayempa mtoto mchanga. "Tandika kile kitanda changu. Weka shuka safi. Huyo mtoto alikuwa na baridi ya mapafu, umfunike."

Apiyo alichukua. Alitandika shuka likanyooka, akaweka fundo katikati, akalifunika na blanketi mpaka juu. Aliporudi sebuleni alimkuta mama yake amesimama kwa fimbo mlangoni, anapapasa nyuma ya mbao akitafuta komeo. Lilikuwa limeshika kutu.

"Nisaidie," alisema bibi. "Halisukumiki."

Wakalisukuma wawili.